Ernst May

Ernst May (27 Julai 1886 – 11 Septemba 1970) alikuwa msanifu majengo na mpangaji wa miji kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kazi aliyoifanya mjini Frankfurt am Main kati ya miaka 1925 na 1930, alipoongoza ujenzi wa maelfu ya nyumba kwa ajili ya watu wa kipato cha kawaida. Mpango huo, unaojulikana kwa jina la Frankfurt Mpya, uliunganisha usanifu wa majengo, bustani na vifaa vya ndani ya nyumba katika kazi moja.

Baadaye May alifanya kazi katika Umoja wa Kisovyeti, kisha akaishi karibu miaka ishirini katika Tanganyika na Kenya. Huko alisanifu majengo kadhaa na kuandaa mpango wa upanuzi wa mji wa Kampala.

Maisha ya awali

May alizaliwa Frankfurt, mji ulioko kando ya mto Main. Alisoma usanifu majengo nchini Ujerumani, katika miji ya Darmstadt na München, na pia alikaa kwa muda nchini Uingereza. Huko alifanya kazi chini ya Raymond Unwin, mmojawapo wa viongozi wa harakati za miji-bustani.

Wafuasi wa harakati hizo waliona kwamba miji ya viwanda ilikuwa imejaa kupita kiasi. Familia za wafanyakazi ziliishi katika vyumba vyenye giza, bila hewa ya kutosha, huku nyumba zikibanana. Badala ya kuuacha mji utanuke ovyo, walipendekeza kujenga mitaa midogo nje yake, yenye nyumba za ghorofa chache, bustani na maeneo ya wazi. May alilishika wazo hilo na hakuliacha hadi mwisho wa maisha yake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alipata kazi Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Aliongoza shirika lililojenga nyumba za vijijini katika jimbo la Silesia. Fedha zilikuwa chache na vifaa vya ujenzi vilikuwa adimu, kwa hiyo alichora aina chache za nyumba zilizoweza kurudiwa mara nyingi mahali tofauti. Mwaka 1921, katika shindano la kupanga upanuzi wa Breslau, alipendekeza mji uzungukwe na vitongoji vinavyojitegemea, vikitenganishwa na mashamba na misitu.

Frankfurt Mpya

Mwaka 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimwita May arudi katika mji wake wa kuzaliwa na kumkabidhi idara ya ujenzi ya mji. Frankfurt ilikuwa na uhaba mkubwa wa makazi, kwa kuwa wakati wa vita ujenzi ulikuwa karibu umesimama.

Fedha zilitokana kwa sehemu kubwa na kodi iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1924. Mfumuko wa bei wa mwaka 1923 ulikuwa umefuta madeni ya watu waliokopa kwa kuweka nyumba rehani. Serikali iliona kwamba wenye nyumba za zamani wamepata faida bila jasho, ikawatoza kodi, na sehemu ya mapato hayo ikaelekezwa kwenye ujenzi wa nyumba mpya.

May alikuwa na mamlaka ambayo wasanifu wachache huyapata: alisimamia mipango ya mji, ujenzi na bustani kwa pamoja. Aliwakusanya wasanifu vijana, miongoni mwao Mart Stam kutoka Uholanzi, Ferdinand Kramer aliyebuni samani, na Margarete Schütte-Lihotzky kutoka Austria. Kuanzia mwaka 1926 kundi hilo lilitoa pia gazeti lenye jina la Frankfurt Mpya, lililoeleza kazi yao kwa wananchi na kwa wasanifu wa nchi nyingine.

Katika muda wa miaka mitano zilijengwa zaidi ya nyumba 10,000. Mitaa inayojulikana zaidi ni Praunheim, Römerstadt, Westhausen na mtaa wa Bruchfeldstraße, ambao wakazi waliupa jina la utani kwa sababu nyumba zake zimepangwa kwa mstari wa kupindapinda kama meno ya msumeno.

Nyumba hizo zilikuwa na paa bapa, kuta zisizo na mapambo na madirisha makubwa. Kila familia ilipaswa kupata jua, hewa, bafu na choo chake. Ili kupunguza gharama, milango, vitasa na madirisha vilitengenezwa kwa vipimo vya aina moja. Katika sehemu ya Praunheim kuta ziliundwa kwa bamba kubwa za zege zilizotengenezwa kiwandani na kuinuliwa kwa winchi hadi mahali pake.

Bustani na mandhari

Mtaa wa Römerstadt unaonyesha vizuri jinsi May alivyoutazama mji. Ulijengwa katika bonde la mto Nidda miaka ya 1927 na 1928. Badala ya kusawazisha mteremko, aliacha barabara na safu za nyumba zifuate umbo la ardhi. Upande wa bondeni alijenga ukuta mrefu wenye vituo vya kutazamia mandhari, na chini yake akaacha eneo la bustani za mboga kwa ajili ya wakazi. Bonde lenyewe halikujengwa, ili mji uwe na nafasi ya kupumua.

Katika kazi ya bustani alishirikiana na Leberecht Migge, mbunifu wa mandhari aliyeamini kwamba familia ya mjini inapaswa kuweza kulima sehemu ya chakula chake. Kwa Migge bustani haikuwa pambo. Ilikuwa chumba kingine cha nyumba na pia akiba ya jikoni, jambo lililoeleweka kwa urahisi na watu waliokumbuka njaa ya miaka ya vita.

Jiko la Frankfurt

Kitu kilichoenea zaidi kutoka katika mpango huo si jengo bali ni jiko. Mwaka 1926 Schütte-Lihotzky alibuni chumba cha kupikia chenye upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Alichunguza hatua ambazo mpishi hupiga akiandaa chakula, akaangalia pia majiko madogo ya mabehewa ya chakula kwenye treni. Kisha alipanga kila kitu mahali ambapo mkono ungekifikia bila kuzunguka.

Sinki, meza ya kazi iliyo chini ya dirisha, makabati na jiko la kupikia vilipangwa kwa utaratibu wa kazi. Kulikuwa na visanduku vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia sukari, mchele na nafaka nyingine, na ubao wa kupigia pasi uliokunjwa ukutani. Jiko zima lilitengenezwa kiwandani na kufungwa ndani ya nyumba kabla mkazi hajahamia. Takriban majiko 10,000 ya aina hiyo yaliwekwa Frankfurt, na majiko ya kisasa yenye makabati yaliyojengewa ukutani yametokana kwa sehemu na kazi hiyo.

Hata hivyo jiko hilo lilizua mjadala ambao haujaisha. Lilikusudiwa kumpunguzia mwanamke uchovu na kumpa muda wa mambo mengine. Lakini lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Familia zilizozoea kula na kukaa pamoja jikoni zilijikuta zimetengwa na mpishi, na watoto hawakuweza kumsaidia mama yao bila kugongana naye. Wakosoaji wa baadaye walisema kwamba jiko hilo lilirahisisha kazi ya mwanamke, lakini pia lilimfungia humo peke yake.

Suala la kodi ya pango

Mwaka 1929 wasanifu wa kisasa kutoka nchi mbalimbali walifanya mkutano wao wa pili wa kimataifa mjini Frankfurt. Mada ilikuwa nyumba ya kiwango cha chini kinachotosha kwa maisha ya heshima. Swali lao lilikuwa hili: nyumba inaweza kupunguzwa hadi wapi ili maskini aimudu, bila kumnyima jua, hewa na faragha?

Frankfurt yenyewe ilionyesha ugumu wa swali hilo. Licha ya juhudi zote za kupunguza gharama, kodi ya pango katika mitaa mipya ilibaki juu ya uwezo wa wafanyakazi wa ngazi ya chini. Wengi waliohamia walikuwa makarani, watumishi wa umma na mafundi wenye ujuzi. Ndiyo maana nyumba za Westhausen, zilizojengwa baadaye, zilifanywa ndogo zaidi. Mgogoro wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ulikausha fedha za ujenzi, na wapinzani wa siasa za mrengo wa kulia walizidi kuzishambulia paa bapa wakidai kwamba si za Kijerumani.

Umoja wa Kisovyeti

Mwaka 1930 May alikubali mwaliko wa serikali ya Kisovyeti na kwenda huko pamoja na kundi la wasanifu, wakiwemo Schütte-Lihotzky na Stam. Walipewa kazi ya kupanga miji mipya ya viwanda, na mmojawapo ulikuwa Magnitogorsk, mji wa chuma katika eneo la milima ya Ural.

Kazi ilikuwa ngumu. Mahali pa kujenga palibadilishwa, vifaa vilikosekana, na maelfu ya wafanyakazi walikuwa tayari wakiishi kwenye mahema na mabanda wakati ramani zikiendelea kuchorwa. Sehemu ndogo tu ya mipango hiyo ilitekelezwa jinsi May alivyotaka, na mkataba wake ulikwisha mwaka 1933. Mwaka huohuo chama cha Adolf Hitler kilishika madaraka Ujerumani. May alikuwa na asili ya Kiyahudi, na kazi yake ilichukiwa na watawala wapya. Hakuweza kurudi nyumbani.

Afrika Mashariki

Mwaka 1934 alihamia Tanganyika, iliyokuwa koloni la Wajerumani kabla ya kuwekwa chini ya utawala wa Uingereza. Alinunua shamba karibu na Arusha na kulima kahawa. Mwaka 1937 alihamia Nairobi, akafungua ofisi na kurudia kazi ya usanifu. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza, Waingereza walimhesabu kuwa raia wa nchi adui, ingawa alikuwa amewakimbia Wanazi. Aliwekwa kizuizini Afrika Kusini kwa takriban miaka miwili.

Baada ya kuachiliwa alirudi Kenya. Miongoni mwa kazi zake ni Hoteli ya Oceanic mjini Mombasa, majengo ya jumuiya ya Aga Khan mjini Kisumu, na kituo cha utamaduni kwa ajili ya Wachagga mjini Moshi. Katika majengo hayo alijali mwelekeo wa jua na upepo, kivuli cha madirisha na upitishaji wa hewa. Alibuni pia nyumba ya bei nafuu kwa Waafrika, iliyoundwa kwa bamba za zege zilizopinda na kukutana juu, lakini aina hiyo haikuenea.

Kazi yake kubwa katika kanda hii ilikuwa mpango wa upanuzi wa Kampala, uliochapishwa mwaka 1947 na kuhusu vilima vya Kololo na Naguru. May alitumia mawazo yaleyale ya Frankfurt: mitaa iliyofuata umbo la ardhi, ukanda wa kijani, shule na masoko karibu na makazi.

Lakini mpango huo ulifuata pia ubaguzi wa utawala wa kikoloni. Naguru ilipangwa kuwa makazi ya Waafrika, na Kololo ya Wazungu na Waasia. Ripoti yake iliwachukulia Waafrika kama watu waliohitaji kuongozwa hatua kwa hatua ili wazoee maisha ya mjini, wala haikuwapa nafasi ya kuamua wenyewe. Mtu aliyefukuzwa na ubaguzi kwao alichora mji uliogawanywa kwa rangi za watu. Wanahistoria wa usanifu hutaja mara nyingi mgongano huu wanapoieleza kazi yake barani Afrika.

Kurudi Ujerumani

Mwishoni mwa mwaka 1953 May aliondoka Afrika Mashariki, akafanya makao yake Hamburg. Miji ya Ujerumani ilikuwa imeharibiwa na mabomu, na uzoefu wake ulihitajika. Aliongoza idara ya mipango ya shirika kubwa la ujenzi wa nyumba, na alishiriki kupanga mtaa wa Neue Vahr mjini Bremen, wenye takriban nyumba 10,000.

Majengo ya kipindi hiki yalikuwa marefu zaidi na mitaa ilikuwa mipana kuliko ile ya Frankfurt. Mpango wake kwa mji wa Wiesbaden, uliotaka sehemu ya nyumba za karne ya 19 zibomolewe, ulipingwa na wananchi, na sehemu hiyo ya zamani ilinusurika.

May alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970 akiwa na umri wa miaka 84. Alizikwa Frankfurt.

Urithi

Mitaa ya Frankfurt bado inakaliwa hadi leo. Katika Römerstadt nyumba moja imerudishwa katika hali yake ya awali pamoja na jiko na bustani, nayo ni makumbusho. Mifano ya jiko la Frankfurt imehifadhiwa pia katika makumbusho ya nchi nyingine, ikiwemo Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York.

Wasanifu wanaendelea kuichunguza kazi ya May kwa sababu maswali yake yamebaki, hasa katika miji inayokua haraka: jinsi ya kujenga nyumba nyingi kwa fedha kidogo bila kusahau kivuli, bustani na jiko. Maisha yake yanaonyesha pia kwamba ramani nzuri haitoshi. Wanaoweza kulipa kodi ya pango, na wanaoruhusiwa kuishi mahali fulani, huamuliwa na nguvu zilizo nje ya meza ya msanifu.