Rider Haggard na Ufalme Aliouzua Nyuma ya Mlima Kenya

Wasomaji wengi wa Kiswahili walimjua Henry Rider Haggard kwa kitabu kimoja, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Maneno waliyoyashika kwa moyo hayakuwa yake hasa, bali ya Frederick Johnson, aliyekifasiri kitabu hicho mwaka wa 1929 kwa Kiswahili cha Unguja. Sisi tuliosoma chuoni jina hilo lilitunasa mara moja, kwani Nabii Sulemani na majini yake tulikwisha kuwajua kitambo.

Haggard alizaliwa Bradenham, Uingereza, tarehe 22 Juni, 1856, mtoto wa nane kati ya kumi. Alipokuwa na umri wa miaka 19 alipelekwa Natal kutumikia serikali, na mwaka wa 1877 alikuwako Pretoria Waingereza walipoinyakua Transvaal. Yeye mwenyewe alishika kamba ya kupandishia bendera. Alirudi kwao mwaka wa 1881, akasomea sheria. Siku moja akabishana na nduguye kwamba angeweza kuandika hadithi ya kushindana na ile ya kisiwa chenye hazina iliyokuwa ikivuma wakati huo. Akaandika kwa muda wa wiki sita hivi. Mchapishaji akampa hiari: pauni 100 taslimu, au fungu katika kila nakala itakayouzwa. Alikuwa karibu kuzipokea zile pauni, karani mmoja akamnong'oneza achague fungu. Kitabu kilitoka Septemba 1885, na katika mwaka wa kwanza zikauzwa nakala 31,000. Karani yule alistahili kanzu!

Mwaka wa 1887 ikafuata Allan Quatermain, hadithi inayotuhusu zaidi. Waingereza watatu wanaanza safari Lamu, wanaupanda Mto Tana, wanapigana na Wamasai, na ng'ambo ya Mlima Kenya wanakuta ufalme wa watu weupe, wenye majumba ya mawe na malkia wawili. Habari za Wamasai Haggard alizitoa katika kitabu cha msafiri Joseph Thomson, na alikiri hivyo. Kile kichekesho cha meno ya bandia katika Mashimo, Thomson naye alikuwa amewafanyia Wamasai kweli, akakisimulia.

Lakini Thomson hakukuta Wazungu wowote bara. Mwishoni mwa mwaka wa 1883 alifika Kwa Sundu, mahali paitwapo leo Mumias, hapa hapa Kakamega. Alikuta makao ya Nabongo wa Wanga, na misafara ya watu wa pwani ilikwisha kupazoea. Ufalme ulikuwapo, nao ulikuwa wa watu weusi. Haggard alikuwa na kitabu hicho mkononi, na bado akazua weupe wake. Hapo simsamehi, ingawa namsifu kwa Umslopogaas, shujaa wa Kizulu, ambaye kwa ushujaa na kwa usemi anawapita mabwana wote watatu.

Mwaka wa 1891, akiwa Mexico, aliletewa habari kwamba mwanawe wa pekee wa kiume, Jock, amefariki kwa surua nyumbani Uingereza. Haggard aliishi miaka 34 baada ya hapo, akatunga vitabu vingi na kupewa cheo cha Sir mwaka wa 1912, lakini msiba ule haukumtoka. Alifariki London tarehe 14 Mei, 1925, miaka minne kabla hadithi yake haijaanza kusema Kiswahili.