Lenora Slaughter, mama aliyeingiza vipaji katika Miss America

Lenora Slaughter, aliyefariki mwaka wa 2000, aliitwa Atlantic City, Marekani, mwaka wa 1935 kusafisha jina la Miss America, mashindano ya urembo yaliyodharauliwa. Tangu 1938 kila binti alilazimika kuonyesha kipaji: kuimba, kucheza ao kupiga piano. Mwaka wa 1945 ilianza zawadi ya masomo ya shule kuu. Aliyeipata kwanza, Bess Myerson, alipiga filimbi na piano. Slaughter alikuwa amemwomba abadilishe jina lake la Kiyahudi. Binti alikataa, akashinda hivyo hivyo. Lakini kwa mabinti Weusi, kipaji hakikusaidia kitu: kanuni iliruhusu Wazungu tu. Slaughter alistaafu mwaka wa 1967. Mweusi wa kwanza, Cheryl Browne wa Iowa, alipanda jukwaani mwaka wa 1970.