Mpishi Aliyevuka Bahari

Ettore Boiardi alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Piacenza, nchini Italia. Alianza kazi ya jikoni akiwa mtoto. Mwaka 1914 alipanda meli kwenda Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 16.

Alifanya kazi katika jiko la hoteli kubwa mjini New York. Baadaye alihamia mji wa Cleveland, akafungua mkahawa wake. Alipika tambi kwa mchuzi wa nyanya, kama walivyopika kwao. Wateja waliupenda mchuzi huo, wakataka kwenda nao nyumbani. Boiardi aliwajazia katika chupa za maziwa.

Mwaka 1928 alifungua kiwanda. Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake. Basi akaliandika kwenye makopo kwa njia rahisi: Boyardee.

Mwaka 1938 kiwanda kilihamia Milton, jimbo la Pennsylvania. Wakulima wa huko walimlimia nyanya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda kilifanya kazi usiku na mchana kuwalisha askari. Vita vilipokwisha, wafanyakazi walikuwa wengi kuliko kazi. Mwaka 1946 Boiardi na ndugu zake waliiuza kampuni yao kwa kampuni kubwa zaidi. Kiwanda hakikufungwa.

Boiardi alifariki mwaka 1985. Chakula cha wageni kilikuwa kimekwisha kuwa chakula cha wenyeji. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Maswali
1. Kwa nini Boiardi alibadili jinsi ya kuandika jina lake?
2. Wakulima wa Milton walifaidika vipi?
3. Je, kijijini kwenu kuna chakula kilicholetwa na wageni?