Eric Laithwaite: Profesa aliyetaka sumaku irushe vyombo vya anga

Chukua mota ya feni. Ipasue upande mmoja, kisha ikunjue mpaka ilale bapa kama reli. Nguvu ya sumaku iliyokuwa inazungusha, sasa inasukuma kwa mstari ulionyooka.

Hiyo ndiyo mota ya mstari, na ndiyo iliyompa jina Eric Laithwaite.

Alizaliwa Juni 14, 1921, mjini Atherton, kaskazini-magharibi mwa England. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa jeshi la anga. Baadaye akasoma uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Manchester, na mwaka 1964 akawa profesa Imperial College, London.

Wazo la mota hiyo lilikuwepo tangu karne ya 19. Yeye alichofanya ni kuonyesha kwamba si mchezo: inaweza kuelea na kusukuma mzigo bila magurudumu. Mwaka 1966 alifundisha mbele ya kamera za televisheni, akawa maarufu hata kwa watoto.

Mapigo mawili

La kwanza lilikuja 1973. Serikali ya Uingereza ilikuwa inagharamia treni ya majaribio inayoelea juu ya hewa na kusukumwa na mota yake. Februari mwaka huo ilifikisha kilomita 167 kwa saa. Siku chache tu baadaye, mradi ukafutwa. Fedha zikakatwa.

La pili alijitakia mwenyewe. Mwaka 1974, mbele ya wanasayansi wa Royal Institution, alidai kwamba gurudumu zito linalozunguka kwa kasi linaonekana kuwa jepesi, na kwamba kanuni za Newton hazitoshi kulieleza. Wenzake walishtuka. Taasisi ikagoma kuchapisha mhadhara huo, jambo ambalo si la kawaida kabisa.

Baadaye alikubali kwamba gurudumu hilo linafuata kanuni za Newton kama kitu kingine chochote. Lakini jina lilikuwa limeshachafuka.

NASA yabisha hodi

Miaka ya mwisho, sumaku zikamrudisha ulingoni. Sehemu kubwa ya uzito wa roketi inapoondoka ardhini ni mafuta. Je, kama msukumo wa kwanza utatoka kwenye reli ya sumaku, umeme ukibaki chini na injini ikawaka baadaye? Chombo kingebeba mafuta kidogo, na mzigo zaidi.

NASA ilivutiwa. Laithwaite akaingia kazini tena akiwa na zaidi ya miaka 70, lakini hakuona mwisho wake. Alifariki Novemba 27, 1997, akiwa na miaka 76.

Mwaka 1999, reli ya majaribio ya mita 15 hivi ilifungwa kwenye kituo cha NASA huko Huntsville, Alabama.

Mpaka leo hakuna chombo kilichofika kwenye mzunguko wa dunia kwa njia hiyo. Ila kwenye meli ya kivita ya Marekani, USS Gerald R. Ford, ndege hazirushwi tena kwa mvuke. Zinasukumwa na mota ya mstari, ile ile aina aliyoipigania profesa huyo maisha yake yote.