Saa Saba ya Usiku na Charlie Chaplin

Huku kwetu pwani mtu mwenye vituko vya kuchekesha huitwa chale. Nilipokuwa mdogo nikidhani ni neno la Kiswahili tangu enzi za mababu, kama mkwezi au msusi. Ukubwani ndipo wazee wa barazani waliponifahamisha kuwa chale si mwingine ila ni Charlie Chaplin, yule Mwingereza mfupi mwenye masharubu kama brashi, kofia ya duara na bakora. Jina la mtu lilikuwa limegeuka jina la kazi, na wengi waliolitamka hawakupata kumwona mwenyewe hata siku moja.

Leo, msomaji wangu, nataka kukuhadithia habari za mtu huyo, lakini sitaanzia London alikozaliwa. Nitaanzia Kyuso, kaskazini ya Kitui, maana huko ndiko nilikojuana naye barabara.

Mwaka 1992 nilikuwa mwandishi kijana, nimetumwa kwenda kutazama ukame uliowabana watu wa Ukambani. Kutoka Mwingi, penye barabara kuu ya Garissa, nilipanda lori la mahindi ya msaada, tukaishika njia ya vumbi ya kaskazini. Lori likanishusha Kyuso, likaenda zake, na siku ya ahadi halikuonekana. Nikalala siku mbili zaidi kwa mwenye duka mmoja aliyenikirimu vizuri, Mungu amlipe, ingawa mwaka wenyewe ulikuwa wa dhiki hata kwa mwenye duka.

Usiku wa pili likaja gari la sinema. Vijana wa leo wenye picha viganjani mwao hawayajui magari hayo. Yalikuwa yakizunguka masoko ya mashambani kutangaza sabuni na unga. Shuka nyeupe ilitundikwa ukutani, jenereta ikanguruma, na watu wakatoka gizani kila upande, wengine wametembea mwendo wa saa mbili. Baina ya tangazo na tangazo walitiwa picha fupi ya kuchekesha ili wasiondoke. Usiku ule picha ilikuwa ya Charlie Chaplin iitwayo One A.M., ambayo kwa hesabu yetu ya saa ni saa saba ya usiku.

Kisa chenyewe ni chembamba kama uzi. Tajiri mmoja, kavaa joho na kofia ndefu ya kiungwana, anarudi nyumbani kwa teksi akiwa amelewa chakari. Hauoni ufunguo. Anaingia kwa dirishani, na mguu wake unatumbukia katika bakuli la samaki. Humo ndani anaukuta ufunguo katika mfuko wa kizibao. Basi afanye nini? Anatoka tena kwa dirisha lile lile, anaufungua mlango kwa ufunguo, na kuingia kama mtu mwenye heshima zake.

Baada ya hapo ni vita. Ngozi za wanyama zilizotandikwa sakafuni na vichwa vyao zinamtisha. Meza ya mviringo yenye vinywaji inazunguka naye, joho limenasa, kila akimbiliapo chupa nayo inamkimbia. Kuna ngazi mbili za kupandia juu, kulia na kushoto, na zote mbili zinamrudisha chini kwa mgongo, kwa tumbo na kwa makalio. Akifika juu, saa kubwa ya ukutani, kwa kile chuma chake kinachoning'inia na kwenda huku na huku, inampiga dafrao na kumporomosha hadi chini. Hatimaye anafika chumbani, na huko anakikuta kitanda cha kukunjwa kinachoingia ukutani. Ya kitanda hicho siwezi kuyasimulia yote. Kinateremka kisipotakiwa, kinapanda yeye akiwa juu yake, kinampindua, kinambana, kinavunjika. Mwisho anakwenda kulala katika hodhi la kuogea, kajifunika kitambaa cha bafuni.

Basi ni hayo tu. Hakuna mwizi, hakuna polisi, hakuna mchumba. Ukimtoa dereva wa teksi mwanzoni, hakuna mtu mwingine hata mmoja. Ni mtu na nyumba yake.

Kyuso walicheka mpaka wakapaliwa. Na wakumbuke wasomaji kuwa Wakamba si watazamaji wa kudanganywa katika mambo ya viungo. Ngoma zao zina sarakasi, vijana wao huruka na kupinduka hewani, na wazee waliokuwa mbele yangu walikuwa wakiupima kila mwanguko wa Chaplin kama majaji. Ule wa ngazi ya kushoto waliusifu kwa kutikisa vichwa. Picha haikuwa na sauti wala haikuhitaji mkalimani.

Kando yangu alikaa mama wa makamo, muuza asali. Pale mlevi alipotoka tena dirishani ili aingie kwa ufunguo, mama yule alijipiga paja, machozi yakamtoka, akanieleza kwa Kiswahili chake cha sokoni kuwa mumewe, mpenzi wa kaluvu, alipata kufanya kitu kama hicho hicho. Alikuwa amevunja ukuta wa jiko aingie ndani, na mlango u wazi. Alisema hayo akicheka, kisha ghafla akanyamaza, akajifunga kanga vizuri, akaendelea kutazama.

Mimi sikucheka. Niseme kweli. Nililelewa chuoni, kwa alifu na ubao, na ulevi kwetu haukuwa jambo la mzaha. Zaidi ya hayo, nilikuwa na mjomba. Alikuwa baharia, na akipata mshahara alirudi usiku wa manane akipapasa kuta za vichochoro vya Mji wa Kale. Nyanya alikuwa akimtandikia mkeka ukumbini na kuuacha mlango bila komeo. Asubuhi hakuna aliyesema neno, na sisi watoto tulifundishwa kujifanya tulikuwa tumelala. Nilipomwona yule mlevi wa kizungu akipapasa mlango wake, nilikiona kivuli cha mjomba kwenye shuka lile, nikaona haya mbele ya watu wasionijua.

Miaka ilipita kabla sijayasoma maisha ya Chaplin, na niliposoma ndipo nilipoielewa picha ile.

Alizaliwa London tarehe 16 Aprili 1889. Baba yake, naye jina lake Charles, na mama yake Hannah, wote walikuwa waimbaji wa majukwaani. Baba alikuwa na sauti nzuri na jina kubwa kiasi, lakini pombe ilimmaliza, na ndoa ikavunjika mtoto angali mdogo sana. Mama alipotewa na sauti, kisha akili yake ikaanza kuyumba. Mwaka 1896 Charlie na kakake Sydney, waliyechangia mama, walipelekwa nyumba ya maskini ya Lambeth, na kutoka huko wakapelekwa shule ya watoto fukara ya Hanwell.

Mwaka 1898 mama alipotiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, watoto walipelekwa kukaa na baba yao, ambaye karibu hawakumjua, na mwanamke aliyeishi naye aitwaye Louise. Nyumba hiyo wakubwa wake wote wawili walikunywa. Siku moja Louise aliwafungia watoto nje, na polisi wakawakuta saa tisa ya usiku wamelala kando ya moto wa mlinzi wa mtaani. Chaplin mwenyewe ameyaeleza hayo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1964. Alikuwa mtoto wa miaka tisa.

Kitabu hicho kinaeleza pia mara ya mwisho aliyomwona baba yake. Alikuwa akipita mbele ya kilabu kimoja cha pombe katika mtaa wa Kennington, akachungulia tu kuona kama baba yumo. Alikuwamo, amevimba kwa maradhi. Akamwita mwanawe, akamuuliza hali ya mama na ya Sydney, na kabla ya kuagana akamkumbatia na kumbusu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifariki mwaka 1901 bila kufikia miaka arubaini. Mwana alikuwa na miaka kumi na miwili.

Sasa tazama njia aliyoishika mtoto huyo. Mwaka 1908 alijiunga na kundi la wachekeshaji la Fred Karno, na katika mchezo wao uliopendwa sana akapewa nafasi ya mlevi tajiri anayekaa ukumbini kati ya watazamaji na kuwavurugia waigizaji. Kwa mlevi huyo ndipo alipopata jina. Ndiye aliyemvusha bahari mwaka 1910 na tena mwaka 1912 kwenda kucheza Marekani, na huko watu wa sinema wakamwona. Mwaka 1914 alianza kutengeneza picha, na mwezi Februari mwaka huo huo akaonekana kwa mara ya kwanza na lile vazi la mzururaji tunalolijua sote. Mwaka 1916 kampuni ya Mutual ikampa mkataba wa dola 670,000 kwa mwaka, fedha ambazo ni wachache mno duniani waliolipwa wakati ule. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na bado hakuwa na nyumba yake mwenyewe.

Picha ya One A.M. ilikuwa ya nne katika picha kumi na mbili alizoitengenezea Mutual, nayo ilitolewa tarehe 7 Agosti 1916. Wajuzi wa sinema huipita haraka. Huiita zoezi tu, mchezo wa mtu kuonyesha mwili wake unavyoweza, kisha hukimbilia The Kid ya mwaka 1921, The Gold Rush ya 1925, City Lights ya 1931 na Modern Times ya 1936. Sina ugomvi na picha hizo. City Lights, kwa mfano, inaye mlevi mwingine, tajiri anayemkumbatia mzururaji kama ndugu akiwa amelewa, na akilevuka hamjui kabisa. Mtu asiyejua habari za kile kilabu cha Kennington atadhani huo ni mzaha wa kubuni.

Lakini nasimama kidete kuitetea ile ya saa saba ya usiku. Katika picha nyingine Chaplin anatubembeleza tumhurumie, na aghalabu anafanikiwa kupita kiasi, kama mshairi anayekazia machozi katika kila kituo. Humu hatuombi kitu. Mtoto aliyefungiwa nje na walevi amekua, amemvaa mlevi mwilini kama joho, naye anampa nyumba ya fahari, ufunguo mfukoni na kitanda, kisha anamnyima njia ya kuvifikia. Wala hamchukii. Mlevi yule hana matusi, hapigi mtu, kila akianguka anajikusanya kwa adabu na kujaribu upya. Na Chaplin mwenyewe hakuwa mnywaji. Alichokionyesha alikuwa amekitazama kwa macho makavu, akiwa nje ya mlango.

Ndiyo maana nikimkumbuka yule mama wa asali, naona alikuwa mbele yangu kwa miaka mingi. Mimi niliona haya tu. Yeye alimcheka mlevi, kisha akanyamaza, na yote mawili yalikuwa haki.

Yaliyobaki katika maisha yake yanajulikana, nami nitayapitia mbiombio. Mwaka 1919 aliunda kampuni ya United Artists pamoja na wenzake watatu. Mwaka 1921 alimchukua mama yake akamweka California, akamtunza mpaka alipofariki mwaka 1928. Mwaka 1940 alimkejeli Hitler hadharani. Alioa mara nne, na habari za ndoa zake ziliwanufaisha sana wauza magazeti, jambo ambalo sisi wa kazi hii hatuna la kujivunia. Septemba 1952 alipanda meli kwenda Uingereza na aila yake, na akiwa bado baharini serikali ya Marekani ikaifuta ruhusa yake ya kurudi, akishukiwa kuwapendelea wakomunisti. Akafungiwa mlango mara ya pili, safari hii na nchi nzima. Akahamia Uswisi, katika kijiji cha Corsier, karibu na Vevey, akaishi huko miaka ishirini na mitano. Marekani walimwita mwaka 1972 wampe tuzo ya heshima ya Oscar, naye akaenda, mzee wa miaka themanini na mbili. Malkia Elizabeth akampa cheo cha Sir mwaka 1975. Alifariki tarehe 25 Desemba 1977.

Mjomba wangu naye aliacha pombe uzeeni, akawa mtu wa safu ya mbele msikitini. Niliwahi kumsimulia picha ile barazani, kwa tahadhari, nikiruka hapa na pale. Alipofahamu kuwa narukaruka, akanitaka nirudie ya ufunguo na dirisha. Nikarudia. Akacheka mpaka akavua kofia, akaniuliza kama mtu huyo hakuwa na mama wa kumwachia mlango wazi.

Na Chaplin hakuachwa alale hata kaburini. Mwanzoni mwa Machi 1978, usiku, watu wawili waliichimbua maiti yake na jeneza lake, wakaificha, kisha wakapiga simu kumdai mjane wake fedha. Mjane akakataa kulipa. Polisi waliwanasa wezi hao mwezi Mei kwa kuzivizia simu zao, na jeneza likapatikana limefukiwa katika shamba la mahindi la watu, si mbali na pale lilipoibwa. Wakalirudisha makaburini Corsier, na safari hiyo wakamwaga zege.