Mzee wa Paxtu: Maisha ya Baden-Powell, Aliyelala Nyeri

Kila ifikapo Februari mji wa Nyeri hugeuka ukawa uwanja wa sherehe. Mabasi ya shule huingia kutoka miji ya mlima na kutoka pembe za mbali za nchi, yakiwa yamejaa vijana wenye skafu shingoni. Bendi hulia. Watoto waliotumwa dukani husahau walichotumwa wakakimbilia gwaride, na akina mama wa mahindi ya kuchoma siku hiyo hawana muda hata wa kupumua. Gwaride huelekea makaburini, shada la maua huwekwa, halafu kinachofuata ni michezo: kupiga hema, kufunga mafundo, kuwasha moto, kuimba na kucheza. Maskauti huiita sherehe hii Founderee, nayo hufanywa karibu na tarehe 22.

Lakini muulize yule kijana anayepiga ngoma ni nani aliyezikwa pale. Wengi watakujibu tu kwamba ni mzungu mmoja wa zamani. Basi leo tumweleze huyo mzungu, mazuri yake na mabaya yake, maana wahenga walituachia hili: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Robert Stephenson Smyth Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, lakini aliaga dunia mtoto akiwa na miaka 3 tu. Mama yake, Henrietta, aliachwa na nyumba nzima ya watoto wa kulea. Robert alisomea shule iitwayo Charterhouse, na kusema kweli, darasani hakuwa wa kutajwa. Sifa zake zilikuwa kwingine. Aliigiza katika michezo ya kuigiza ya shule, alikuwa golikipa, alichora kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na mara kwa mara alijipenyeza katika kichaka kilichokatazwa ili anyatie wanyama wadogo. Walimu wetu, msikasirike! Hatumshauri mtu atoroke shule. Tunasema tu kwamba yale aliyojifunza kichakani ndiyo yaliyomfaa baadaye.

Mwaka wa 1876, akiwa na miaka 19, aliingia jeshini akapelekwa India. Huko aliwafundisha askari upelelezi: kusoma nyayo, kutambaa kimya, kuona bila kuonekana. Kutoka India akaja Afrika, na hapa ndipo hadithi inapokuwa chungu. Alikuwa katika jeshi lililoingia nchi ya Asante, Ghana ya leo, mwaka wa 1895 na 1896, ambapo Mfalme Prempeh alikamatwa akaondolewa katika kiti chake. Mwaka huohuo wa 1896 alipigana na Wandebele na Washona waliokuwa wameinuka kutetea ardhi yao katika nchi iitwayo sasa Zimbabwe. Chifu mmoja, Uwini, alitekwa akiwa na majeraha. Baden-Powell aliamuru ahukumiwe na mahakama ya kijeshi, na akapigwa risasi. Wakubwa wake walichunguza jambo hilo wakamwondolea lawama. Lakini Uwini hakurudi.

Jina lake lilivuma duniani katika mji mdogo wa Mafeking, Afrika Kusini, wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu. Makaburu waliuzingira mji huo kuanzia Oktoba 1899 hadi tarehe 17 Mei 1900, siku 217, naye ndiye aliyekuwa mkuu wa ulinzi. Mbinu zake zilikuwa za ajabu. Aliagiza askari waruke nyaya za miiba ambazo hazikuwepo, ili adui akitazama kwa darubini aamini zipo! Siku za Jumapili, bunduki ziliponyamaza kwa mapatano, watu walicheza kriketi, wakafanya mashindano na maonyesho ya muziki, na mkuu mwenyewe akapanda jukwaani kuwachekesha. Vijana wa mji walipewa sare na kazi ya kupeleka ujumbe, wakaifanya bila woga. Hapo akaona jambo ambalo hakulisahau: ukimpa kijana kazi ya kweli na ukamwamini, atakushangaza.

Kumbe upande wa pili wa mji mambo yalikuwa mengine. Waafrika walipewa chakula kidogo kuliko Wazungu, na wengi walikufa kwa njaa. Sol Plaatje, kijana Mwafrika aliyekuwa mkalimani wa mahakama pale Mafeking na ambaye baadaye alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, aliyaandika ya siku hizo katika shajara yake. Ndiyo maana hatuwezi kusimulia kriketi tukanyamaza juu ya njaa.

Baden-Powell aliporudi Uingereza alikuwa shujaa wa kila kinywa. Akagundua kwamba kitabu chake cha kufundishia askari kilikuwa kikisomwa na watoto na walimu. Hapo akawaza: mbinu hizi za vita, mbona zisigeuzwe mchezo? Mwezi wa Agosti 1907 akawapeleka wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea. Wengine walitoka katika shule za matajiri, wengine katika nyumba za wafanyakazi, na wote wakalala katika mahema mamoja. Aliwaamsha kwa baragumu la pembe ya tandala, pembe aliyoitoa Afrika katika vita vilevile vya 1896. Mwaka wa 1908 akatoa kitabu cha uskauti, na moto ukashika. Mwaka wa 1909 wasichana nao wakajitokeza katika mkutano wa maskauti London wakidai nafasi yao, na mwaka wa 1910 yeye na dada yake Agnes wakaanzisha Girl Guides. Mwaka huohuo wa 1910 uskauti ulifika Kenya.

Alioa akiwa na miaka 55, mwaka wa 1912. Mkewe Olave alikuwa na miaka 23, na ajabu ni kwamba walizaliwa tarehe moja, 22 Februari. Walijaliwa watoto watatu, Peter, Heather na Betty. Mwaka wa 1920, katika jamboree ya kwanza huko London, vijana walimtangaza kuwa Skauti Mkuu wa Dunia.

Mwaka wa 1935 alimtembelea Nyeri rafiki yake Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa karani wake na ambaye sasa alikuwa mwenye hoteli ya Outspan. Akaupenda mlima, na mlima ukamfunga. Mwaka wa 1938, akiwa mzee na moyo ukimsumbua, alihamia katika nyumba ndogo iliyojengwa uani mwa hoteli hiyo. Aliiita Paxtu, akikumbuka nyumba yao ya Uingereza, Pax Hill. Pax ni neno la Kilatini, maana yake amani. Hapo aliketi barazani, akachora ndege na wanyama, akaandika barua na vitabu vidogo juu ya Kenya. Alifariki tarehe 8 Januari 1941 akiwa na miaka 83, akazikwa katika makaburi ya Mtakatifu Petro. Olave alipofariki mwaka wa 1977, majivu yake yaliletwa yakawekwa hapohapo. Juu ya jiwe kuna duara lenye nukta katikati. Katika alama za njia za maskauti, maana yake ni kwamba mwenzenu amekwenda nyumbani.

Sasa, wanafunzi wenzangu, tufikiri. Mzee huyu alipokuwa akichora ndege barazani, babu zetu walitembea na kipande shingoni, na bila kipande walikamatwa. Dedan Kimathi, mwana wa Nyeri hiihii, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hesabu mwenyewe: zilibaki siku nne tu Baden-Powell atimize miaka mia moja tangu kuzaliwa. Mmoja ana kaburi lenye maua kila mwaka. Mwingine alizikwa kwa siri gerezani, na miaka mingi ya Uhuru ikapita familia yake ikililia kaburi.

Je, tuache kwenda kwenye sherehe? La hasha. Michezo ile si mali ya askari yeyote. Mtoto wa Karatina na wa Kisumu wanapokoka moto pamoja, wanafanya jambo ambalo wakoloni hawakulipenda: wanajuana. Na leo mjukuu anavaa skafu pale babu alipovaa kipande. Lakini tusipige ngoma kwa ujinga. Twende tukijua huyu alikuwa nani, alimpiga nani, na baadaye aliwafunza nini watoto wa dunia. Na kwa kuwa Februari ina tarehe 18 kabla ya tarehe 22, viongozi wetu wa chama wangefanya vyema kuanza kuhesabu kutoka hapo. Shada moja la maua kwa Kimathi halitampunguzia Mzee wa Paxtu chochote.