Mjue Adeoye Lambo, daktari Mnaija aliyewatoa wagonjwa wa akili wodini akawapeleka kijijini

Ukisikia mtu amepelekwa Mathari, najua picha inayokujia: geti, ukuta mrefu na vicheko vya mtaani. Sasa kutana na buda mmoja ambaye hizo kuta alizikataa kitambo, hata kabla nchi yake ipate uhuru.

Thomas Adeoye Lambo alizaliwa mwaka wa 1923 huko Abeokuta, mji wa Wayoruba kusini magharibi mwa Nigeria. Alisomea udaktari Birmingham, Uingereza, kisha akasomea magonjwa ya akili London. Angeamua kukaa huko ale maisha, lakini alirudi kwao.

Mwaka wa 1954 alikuwa anaongoza hospitali mpya ya Aro, hapo hapo Abeokuta. Shida ni kwamba majengo yalikuwa bado na wagonjwa wameshafika. Wewe ungefanyaje? Lambo aliongea na wazee wa vijiji vya karibu. Mgonjwa anakuja na mtu wake, labda mamake au ndugu, wanapanga chumba kwa mwanakijiji. Asubuhi anaenda hospitali kupata matibabu, hizi dawa za kisasa kabisa. Akitoka huko anarudi kijijini, analima, anakula na watu, anapiga stori. Mwenye nyumba naye anapata doo ya kodi.

Si hayo tu. Lambo aliwaita hata waganga wa kienyeji wasaidie, juu walijua vile watu wao wanaelewa ugonjwa. Hiyo ilishangaza madaktari wengi wa enzi hizo.

Lakini fikiria. Mtu ukimfungia miaka, hata akipona atakuwa amesahau kuishi na wenzake, na familia itakuwa bado inamwogopa. Kwa Lambo, kurudi kwa jamii hakukungoja mtu apone. Kulianza siku ya kwanza.

Kuna vita ingine alipigana, na hii inatuhusu sisi Wakenya. Daktari mmoja wa enzi za ukoloni, J.C. Carothers, aliyekuwa ameongoza Mathari hapa Nairobi, aliandikia Shirika la Afya Duniani, WHO, kitabu mwaka wa 1953. Alilinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo! Pia alidai depresheni ni nadra sana kwetu.

Lambo hakujibu kwa matusi. Aliungana na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wakaingia vijijini kuhoji Wayoruba, kisha wakalinganisha na utafiti uliofanywa Canada. Matokeo yalitoka 1963: magonjwa ni yale yale, na dalili za depresheni zilikuwepo kibao. Mwafrika ni binadamu kama wengine, na anaumwa kama wengine.

Halafu sikia hii. Mwaka wa 1973 Lambo alikuja kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa WHO, shirika lile lile lililotoa kitabu cha Carothers. Alikaa kwa hicho kiti hadi 1988. Alifariki 2004, na hospitali ya Aro bado inatibu watu.

Kwa hivyo kama kuna mtu wenu amefichwa chumba cha nyuma juu mnaogopa majirani, mpeleke hospitali leo. Akirudi jioni, mwekee sahani mezani na wengine.